Wale Watano Wasiogusa Mpira

Atieno na Musa,

Mliponiomba niwaandikie kuhusu kazi niliyowaachia, nilidhani kurasa mbili zingetosha. Kumbe miaka kumi na minane haikunjiki hivyo. Vyeo na mishahara nimeviruka. Anayetaka habari hizo aende ofisi ya utumishi, wao wanaweka kumbukumbu nzuri kuliko zangu. Nimeandika yale ambayo hayamo kwenye faili: nilivyoanza, niliyemkosea, walionifundisha, na kwa nini mpaka leo nikiingia uwanjani macho yangu hayaendi kwa mtu aliyeshika mpira.

Nilikuja Dubai kuwa mlinzi wa ghala kule Jebel Ali. Kabla ya hapo nilikuwa mchezaji wa raga Bungoma, mmoja wa wale wa safu ya kwanza wanaoingiza vichwa kwenye skramu, lile rundo la kusukumana, na kutoka na masikio yaliyokunjika kama majani ya sukumawiki yaliyokauka. Masikio hayo ndiyo yaliyonipatia kazi ya pili. Chuo kimoja cha hapa, kinachofundisha kwa mtindo wa Kimarekani, kilikuwa kinatafuta mtunza stoo wa idara ya michezo. Nilivaa shati la kuazima nikaenda kwenye usaili. Mmarekani aliyekuwa nyuma ya meza, Kocha Russ, hakutazama vyeti vyangu. Alitazama masikio, akauliza nilicheza wapi, na kwa miaka mingapi.

Siku ya kwanza nilimvalisha mwanafunzi pedi za mabega nyuma mbele, na yule mwanafunzi, kwa adabu zake, akazivaa hivyo hivyo hadi uwanjani. Sikuwa nimewahi kuona futiboli ya Kimarekani hata kwenye televisheni. Kocha Russ alicheka, akamgeuza, kisha akaniita kando. Alikuwa mzee mwembamba mwenye magoti yaliyochoka. Akaniambia nimsukume. Nilisita, maana niliona nitamvunja. Akasema tena, kwa hiyo nikamsukuma kwa kifua kama nilivyozoea. Sijui alifanya nini. Nilichokijua ni kwamba mikono yake ilikuwa chini ya kwapa zangu na mimi nilikuwa naelekea pembeni kama mlango ulioachwa wazi.

"Nguvu unazo," akaniambia. "Lakini miguu yako inangoja nguvu imalize kazi ndipo nayo ianze. Kesho uje nusu saa mapema."

Nilikuja nusu saa mapema kwa mwaka mzima. Asubuhi nilikuwa mwanafunzi wa mzee yule, mchana mtunza stoo, jioni nilishika mto wa kusukumia huku vijana wakinigonga. Mwaka uliofuata akanikabidhi wale watano.

Kwa kuwa barua hii huenda ikasomwa na mtu asiyejua mchezo wetu, nieleze kidogo. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kuusogeza yadi kumi. Nyuma anasimama mrushaji, ambaye ndiye kichwa cha timu. Mbele yake wanajipanga watu watano wanene, bega kwa bega. Wa katikati humpitishia mpira kati ya miguu yake, na baada ya hapo hakuna hata mmoja kati ya watano hao mwenye ruhusa ya kuudaka. Kazi yao ni kuwazuia wapinzani wasimfikie mrushaji, au kuwasukuma ili mkimbiaji apate njia. Wakifanya vizuri hakuna anayewaona. Mmoja akikosea mara moja tu, uwanja mzima unalijua jina lake. Sisi tuliwaita ukuta, ingawa ukuta hausogei, na hawa kazi yao yote ni kusogea.

Kila chuo kinataka mrushaji mzuri na wakimbiaji wenye kasi. Hao unaweza kuwapata tayari. Atakuja kijana aliyerusha mpira tangu utotoni na mwezi wa kwanza atakupa furaha. Mtu wa mbele huwezi kumpata tayari, hasa katika mji huu ambao vijana wamekua wakicheza soka na kriketi. Lazima umlee, na malezi yanakula misimu. Hilo ndilo somo lote la barua hii, na mimi sikulijifunza kwa kuambiwa. Nililijifunza kwa kumuumiza mtu.

Msimu wangu wa kwanza kama mwalimu wa ukuta aliingia kijana aitwaye Idrisa. Familia yake ni ya wale Wazanzibari wa siku nyingi wa Deira. Mama yake, Bi Zuhura, ana duka la viungo Al Ras. Idrisa alikuwa mnene, mpole, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili. Hakuwahi kucheza mchezo wowote. Alikuja uwanjani kwa sababu daktari alimwambia afanye mazoezi, na akabaki kwa sababu, kama alivyoniambia baadaye, hapo ndipo mahali pa kwanza alipoambiwa unene wake unahitajika.

Mrushaji wetu alikuwa Karim, Mlebanoni wa mwaka wa pili, mwepesi, mwenye mkono ambao watu walikuja kuutazama. Sasa, mrushaji anayetumia mkono wa kulia akijiandaa kurusha huwa amegeuka, kwa hiyo wa kushoto kabisa katika ukuta ndiye anayelinda mgongo wake. Upande huo mrushaji haoni kitu. Anaamini tu.

Wiki sita baada ya Idrisa kuanza, aliyekuwa akicheza upande ule alihamia chuo kingine. Tulikuwa na mechi na chuo cha Sharjah, nao walikuwa na mkabaji mmoja mrefu mwenye kasi ya kutisha. Kocha Russ akaniuliza mbele ya timu nzima kama Idrisa yuko tayari.

Nilijua hayuko tayari. Miguu yake ilikuwa ikipishana alipokwenda pembeni, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Lakini wenzake walikuwa wakitutazama, mwenyewe alikuwa akinitazama kwa matumaini, na mimi nilikuwa na hofu ya kuonekana sijafanya kazi. Nikasema, "Inshallah."

Ninyi mnaishi hapa, mnajua neno hilo tunavyolibebesha mizigo isiyo yake. Ni neno la imani, lakini mimi siku ile nililitumia kama pazia. Kocha alikuwa na miaka miwili tu Ghuba. Akalipokea kama ndiyo.

Ilitokea robo ya kwanza. Yule mrefu alianza kama anayekuja ndani, Idrisa akamwegemea kwa kifua, naye akazunguka nje. Miguu ya Idrisa ikapishana, akaanguka peke yake bila hata kuguswa. Karim alikuwa ameinua mkono. Alipigwa mgongoni akatua na bega, na mfupa wake wa mtulinga ukavunjika. Niliusikia kutoka pembeni mwa uwanja. Sijasahau sauti ile na wala sijaribu kuisahau, kwa sababu inanifaa.

Hospitalini, kwenye korido, Kocha Russ alikuja akakaa karibu nami. Kisha akauliza, "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa polepole. "Siku nyingine nikikuuliza, nipe ndiyo au hapana. Usiniambie ukweli hospitalini."

Hakunifokea zaidi ya hapo. Afadhali angefoka.

Idrisa hakurudi mazoezini. Darasani alihudhuria, lakini akituona kwa mbali alikata kona. Wiki ya tatu nikapanda metro hadi Al Ras kumtafuta. Nilikuwa nimepanga hotuba njiani, ya kumpa moyo na ya kumwambia kwamba kosa halikuwa lake. Nilifika kwenye vichochoro vya soko la viungo nikamwona kabla hajaniona. Alikuwa akisukuma mkokoteni wa hamali uliojaa magunia ya ndimu kavu, akipita katikati ya watalii, baiskeli na mikokoteni mingine, mahali ambapo mtu mwembamba hupita kwa ubavu.

Nikasimama. Hotuba yote ikanitoka kichwani. Kiuno chake kilikuwa chini, mgongo umenyooka, mikono mbele ya kifua. Hatua zake zilikuwa fupi fupi, za haraka, mguu mmoja haupiti mwingine. Mtu akimkatiza ghafla, mkokoteni ulihama kushoto bila yeye kuyumba. Ilikuwa ndiyo miguu niliyokuwa namtafutia kwa wiki sita, na alikuwa nayo tangu aanze kusukuma mkokoteni akiwa na miaka kumi na mbili. Kumbe nilimfundisha kama mtu asiyejua kitu, bila kumuuliza anajua nini.

Bi Zuhura alikuwa kwenye kiti ndani ya duka. Nilimwamkia, akaitikia, akaniagizia kahawa kabla ya kuniuliza shida yangu, maana heshima ya nyumba yake haivunjwi na hasira. Kahawa ilipokwisha ndipo akasema.

"Mwalimu, mwanangu hali wala halali. Nyinyi mlimpeleka vitani, silaha hakupewa. Leo mwaja kumfuata, mna nini kipya?"

Nikamwambia kweli yote. Kwamba niliulizwa, kwamba nilijua jibu, kwamba nililificha. Idrisa alikuwa ameingia na mkokoteni, akawa amesimama mlangoni, akasikia. Sikuwa nimepanga asikie. Bi Zuhura alinitazama, kisha akamtazama mwanawe.

"Basi huyu kajitwika kosa lisilo lake," akasema. "Mpe mwenyewe hilo neno, si mimi."

Nikageuka nikamwambia Idrisa kwamba nilimweka mahali ambapo hakupaswa kuwekwa, na kwamba ninamwomba radhi. Akauachia mkokoteni. Halafu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: kama Karim ataweza kurusha tena. Nikamwambia daktari anasema ataweza. Akasema atarudi, lakini hataki kuingia mechi mpaka mimi niseme kwa kinywa changu kwamba miguu yake imekomaa. Hapo ndipo ilipoanza ile kanuni mnayoilalamikia, kwamba wa mwaka wa kwanza hachezi upande wa kushoto. Haikutoka kwenye kitabu. Ilitoka duka la viungo.

Kuanzia wiki ile, kila Ijumaa mapema kabla ya jua kupanda, niliwapeleka watu wangu wa mbele Al Ras. Hamali mmoja Mpathani kutoka Pakistani, Gul, ambaye alikuwa mwembamba kuliko mpini wa mwavuli, alikubali kutufundisha. Vijana walicheka walipomwona. Akawapa mkokoteni wenye nusu ya mzigo wake, wakaugonga ukutani mara mbili ndani ya hatua kumi. Kisha yeye akauchukua ukiwa umejaa, akapita nao palepale huku akizungumza na mtu wa dirishani. Hawakucheka tena. Gul alikuwa na Kiingereza cha maneno kama thelathini, na maneno mawili yalitutosha: chini, na fupi. Kiuno chini, hatua fupi. Mtu akikosea alisema "khalas," yaani basi, akauchukua mkokoteni, tukaanza upya.

Chuo kilikuwa na lile gari zito la chuma lililotoka Marekani, la kusukumwa na watu watano. Sina ubaya nalo, mlitumie. Lakini gari lile linakwenda mbele tu na halina hila. Mkokoteni wa Al Ras una gurudumu bovu, una mzigo unaohama, na una mama wa Kirusi anayesimama ghafla kupiga picha. Hakuna kilichowafunza wale watu wangu kama mama yule.

Miezi ya joto, wakati uwanja ulikuwa haukanyagiki, tulifanyia miguu kwenye maegesho ya magari chini ya jengo la bweni. Nilichora mistari kwa chaki. Walikuwa wakienda pembeni, kushoto na kulia, mikono nyuma, bila kugusana, wiki baada ya wiki. Mlinzi wa maegesho, kijana wa Tanga, aliniuliza kama wale ni wagonjwa wanaofundishwa kutembea upya. Nikamwambia amepatia.

Msimu wa pili ulianza Idrisa akiwa benchi, kwa hiari yake na yangu. Mechi ya tatu, wawili kati ya watano wangu waliugua tumbo. Mkurugenzi wa michezo, ambaye sote tulimwita sir na sitamtaja jina, alikuwa ameshatupatia suluhisho: kijana mmoja wa jimu, Tariq, mwenye misuli iliyokuwa ikijibana yenyewe, aliyekuwa na sisi kwa siku tisa. Kocha Russ akaniuliza mbele ya wote kama Tariq yuko tayari, na kama Idrisa yuko tayari.

"Hapana," nikasema. "Wote wawili."

Uso wa Tariq ulianguka. Wa Idrisa haukubadilika. Kocha akakunja karatasi aliyokuwa nayo akaandika mpango mwingine: wakimbiaji wawili wazito wajaze nafasi za wagonjwa, hakuna kungoja, hakuna mirusho mirefu, kila mpira utolewe mkononi haraka kabla wapinzani hawajafika. Ulikuwa mchezo wa kuchosha macho. Tulifungwa. Karim, ambaye mtulinga wake ulikuwa umepona na alikuwa amerejea uwanjani, alitoka akiwa na vumbi tu. Nimeona mechi nyingi tulizoshinda ambazo sizikumbuki. Ile tuliyopoteza naikumbuka kwa fahari, na nimeitia hapa makusudi.

Mkurugenzi hakuiona hivyo. Aliniita ofisini siku iliyofuata. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeahidi kombe kwa watu waliomzidi cheo. Akaniambia kwamba aliajiri mtunza stoo, na mtunza stoo hachagui wachezaji. Akasema mkataba wangu ungetazamwa upya mwisho wa msimu unaofuata, na kama ule ukuta wangu haujaonyesha kitu, nafasi hiyo ingefutwa na mimi ningerudi nyumbani. Wakati huo nilikuwa na watoto wawili sekondari kule Bungoma. Nilimjibu, "Sawa, sir," nikatoka, nikakaa stoo nikipanga helmeti ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kocha Russ alikuja akanikuta hapo. Akaniuliza kama ninataka kubadili jibu nililolitoa kabla ya mechi. Nikasema sitaki. Akaniambia basi tuendelee na kazi, akanisaidia kupanga helmeti mara ya tatu.

Tariq nilidhani angeondoka. Alikuja stoo akiwa na hasira, akataka kujua kwa nini nilimwaibisha. Nikampeleka Al Ras, nikampa mkokoteni. Aliugonga ukutani, akamwaga manjano nusu gunia mbele ya duka la Bi Zuhura, na Bi Zuhura akampa ufagio. Ijumaa iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika. Mwishowe alicheza misimu mitatu upande wa kulia, na misuli ile ikaacha kumsumbua.

Karim alikuwa tatizo la aina nyingine. Bega lilikuwa limepona, lakini yeye hakuwa amepona. Kila akirudi nyuma kurusha, bega la kushoto lilipanda kidogo kuelekea sikioni, na mpira ulitoka mapema mno. Idrisa aliliona kabla yangu. Aliniambia kwa ile sauti yake ndogo kwamba Karim haangalii mbele, anausikiliza mgongo wake. Wawili hao walisalimiana kwa adabu kila siku, na ilikuwa adabu ya kukimbiana.

Basi nikamwomba Kocha Russ anipe Karim kwa asubuhi tano. Nikampanga nyuma ya watano wangu, bila mpira. Nikamwambia afumbe macho. Wakabaji wetu wakaja kwa nguvu zote, na watano wakawazuia, na Karim kazi yake ilikuwa kusimama tu na kusikiliza miguu. Siku ya kwanza aliruka pembeni kila mara. Siku ya pili alifumbua macho. Siku ya tatu alikasirika, akaniambia yeye ni mrushaji, si nguzo ya taa. Siku ya nne, katikati ya kishindo, aliuliza bila kufumbua macho, "Idrisa, ni wewe huyo unayepiga hatua ndogo ndogo?" Idrisa akaitikia kwamba ndiye. Karim akasema, "Basi endelea kuzipiga hivyo hivyo nizisikie." Siku ya tano lile bega halikupanda.

Hapo ndipo Kocha Russ alipouliza tena, msimu wa tatu ukianza, kama Idrisa yuko tayari. Nilimjibu ndiyo, na neno hilo lilikuwa jepesi mdomoni, kwa kuwa lilikuwa limelipiwa.

Msimu ule tulifika fainali, na waliotungoja walikuwa wale wa Sharjah, pamoja na yule mrefu, ambaye naye alikuwa amekua na kuzidi kasi. Ilikuwa alasiri ya majira ya baridi, ile baridi yetu ya Dubai ambayo Wakenya wa pwani huivalia makoti. Bi Zuhura alikuja kwa mara ya kwanza. Alikaa safu ya mbele na chupa ya chai ya tangawizi, na hakuwa anajua sheria hata moja.

Sitawasimulia mechi nzima. Mwishoni tulikuwa nyuma kwa pointi nne, dakika moja na kitu imebaki, mpira ni wetu. Kocha akaita mrusho mrefu, ule unaomtaka mrushaji asubiri hadi mpokeaji amalize njia yake yote. Hakuna mpango unaowatesa watu wa mbele kama huo. Karim akarudi nyuma. Yule mrefu akaja akijifanya anaingia ndani, hila ileile, kisha akazunguka nje. Idrisa hakumwegemea. Alishuka chini, akapiga zile hatua fupi, tatu, nne, tano, akamsindikiza yule mtu mbali na Karim kwa upole kabisa, kama anayempitisha mgeni dukani. Karim akasubiri. Akasubiri zaidi ya ninavyoweza kusubiri mimi. Akarusha, mpira ukaenda vizuri kabisa, na mpokeaji akauangusha.

Hao ndio wapokeaji. Siku zote watakuambia jua liliwaingia machoni.

Ilibaki nafasi moja. Kocha Russ akanitazama. Hakuuliza kwa mdomo. Nikaonyesha kwa kichwa kwamba watu wangu wanaweza tena, akaita mpango uleule. Niliona kifua cha Idrisa kikipanda na kushuka, na Tariq akimwambia kitu wa katikati, wote wakacheka, sijui nini. Mpira ukapita. Yule mrefu sasa alikuja moja kwa moja bila hila yoyote, kifua kwa kifua, akitaka kummaliza Idrisa kwa nguvu. Idrisa alirudi hatua moja, mbili, nikadhani ameshindwa, kisha kiuno kikashuka na akasimama. Walisimama pale kama watu wawili wanaobeba kabati. Karim hakugeuka hata kidogo. Mrusho ulipotoka, safari hii mpokeaji aliudaka mwisho kabisa wa uwanja, pointi sita, na kombe likawa letu.

Watu wote walikimbilia upande wa mpokeaji. Mimi nilibaki na watu watano waliokuwa wamelala chali kwenye nyasi wakitafuta pumzi. Bi Zuhura alishuka taratibu na chupa yake, akapita kando ya kelele zote, akamfikia mwanawe. Akammiminia chai kwenye kifuniko. Mpiga picha mmoja wa chuo alimuuliza kwa Kiingereza kama ameona ule mrusho. Akaniambia nimtafsirie jibu.

"Mwambie sikuona," akasema. "Nilikuwa natazama miguu ya mwanangu."

Mkurugenzi hakuniomba radhi, wala sikungoja aniombe. Mkataba ukapita bila maneno. Wiki iliyofuata nilifika stoo nikakuta ameagiza mikokoteni mitano mipya ya hamali, magurudumu yakiwa mazima. Nililegeza gurudumu moja la kila mkokoteni, tukaendelea.

Baada ya hapo tumeshinda na tumeshindwa, kama timu nyingine. Kocha Russ alirudi kwao magoti yalipomkatalia, na hunipigia kuniuliza habari za watano, kamwe si za mrushaji. Gul alirudi Peshawar. Idrisa yuko bandarini Jebel Ali, anasimamia upakiaji wa makontena, na nasikia hapazi sauti na watu humsikiliza. Nikihesabu waliopita mikononi mwangu kwenye ukuta ule, ni wengi kuliko wanaotosha mabasi mawili. Wapo mainjinia, yupo daktari, yupo mpishi. Sijui hata mmoja wao aliyewahi kupigwa picha ukurasa wa mbele, na sijui hata mmoja anayelalamika kwa hilo.

Sasa kuhusu kazi iliyoko mezani kwenu. Mna Okello wa mwaka wa kwanza, yule mrefu wa Gulu. Wiki iliyopita nilipita uwanjani nikiwa mgeni, nikasimama kwenye uzio. Ana mikono mizuri na moyo mzuri zaidi. Kila mtu atawaambia mmchezeshe upande wa kushoto, na yeye mwenyewe atawaomba. Mguu wake wa kulia bado unapita mbele ya wa kushoto anapochoka. Mtazameni baada ya dakika ya ishirini, si kabla. Mpelekeni Al Ras. Mwacheni amwage kitu mbele ya watu.

Msipomchezesha mwaka huu mtapoteza mechi moja, pengine mbili. Zipotezeni.

Wenu,
Wanjala